Simu ya Zawadi Iliyokataa Laini Yangu

Wengi wenu mnaonijua mnajua kwamba mimi si fundi wa simu. Ni karani mstaafu, nimepita miaka sabini na kidogo, na kazi niliyoifanya hapa Maskati tangu mwaka 1976 ilikuwa ya majalada, barua na vitabu vya kumbukumbu. Kusoma na kuandika nilifundishwa na mapadri wa misheni huko Tabora, nao walituzoesha jambo moja: kabla hujaandika kitu, kwanza kifahamu. Nimechukua karibu mwaka mzima kukifahamu kitu hiki, yaani simu iliyofungwa na kampuni moja ya simu, na namna ya kuitumia na laini zetu hizi za kulipa kabla. Naandika kwa sababu barazani kwetu baada ya Isha haipiti wiki bila mzee mmoja kutoa mfukoni simu nzuri aliyoletewa na mwanawe kutoka Marekani, akauliza, "Hii mbona haipigi?"

Yangu ilikuja mwezi wa Januari mwaka jana. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, anasoma Ohio, na mwenzake mmoja alikuwa anarudi likizo, akampa aniletee. Simu ilikuwa ndani ya boksi lake, na juu kabandika karatasi: "Ya Babu. Ili umwone Bibi Tabora." Bibi anayemkusudia ni dada yangu mkubwa, aliyenizidi miaka kumi, ambaye hakuja Omani na yuko kule kule kwa mwanawe. Macho yake hayasomi tena, na kazi ya kuniandikia barua aliiacha zamani. Kila Ijumaa asubuhi hunipigia, hata akiwa hana la kusema, kuhakikisha kwamba nimeamka.

Jioni ile nilitoa laini kutoka simu yangu ya vitufe. Ilikuwa laini ya zamani, kubwa, na kisahani cha simu mpya kilitaka ndogo kama ukucha. Nilikwisha kumwona kijana mmoja Ruwi akikata laini kwa mkasi, nami nikaona si kazi kubwa. Nilikata. Ikaingia. Simu ikawaka, ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba laini hii haikubaliki na kwamba niingize namba ya kufungulia mtandao. Nikadhani nimeiharibu laini kwa mkasi. Nikairudisha kwenye simu yangu ya zamani, ikawa inacheza ndani, nikaibana kwa selotepu, na nilipoivuta tena zile nyuzi ndogo za shaba zikatoka nayo. Hapo ndipo nilipokosa simu zote mbili. Ilikuwa Jumatano.

Mwanangu ninayekaa naye alikuwa Uingereza pamoja na familia yake. Simu ya mezani tulikwisha kuikata. Ijumaa asubuhi dada akapiga, akaambiwa namba haipatikani. Akapiga adhuhuri, akapiga alasiri. Usiku akawaamsha watu wa Tabora, wao wakampigia mpwa wetu wa Dubai, na yeye akampigia mtoto wa ndugu yangu aliyeko Barka. Saa sita za usiku nikasikia mlango wa nyumba yetu ya Ghubra unagongwa kwa ngumi. Nilipofungua, kijana kasimama na kanzu ya kulalia, funguo za gari mkononi, machozi yanamlengalenga: "Ami, uko hai?"

Nilikuwa hai. Lakini dada alikwisha kulia kutwa nzima, na kwa umri wake na presha yake si jambo la kuchekwa, ingawa leo tunalicheka. Kwa hiyo niliapa nijue kwa nini simu nzima, mpya, yenye chaji, ilikataa laini nzima. Maana laini ilikuwa nzima. Nilikuja kujua baadaye kwamba kama mkasi ungekuwa umeiharibu, simu ingesema haioni laini yoyote. Hii iliiona, ikaisoma, na ikaikataa kwa kuwa ilikwisha kuijua ni ya nani.

Sasa nieleze inavyojua. Ndani ya kila laini imeandikwa namba ndefu, kwa kawaida ya tarakimu 15, na hiyo siyo namba unayopigiwa. Sisi makarani tutaifahamu upesi, kwa sababu imepangwa kama namba ya jalada: mwanzo wizara, kisha idara, kisha mtu mwenyewe. Tarakimu tatu za kwanza ni za nchi. Omani ni 422, Tanzania ni 640, Kenya ni 639, na Marekani, kwa ukubwa wake, ina kadhaa zinazoanzia 310. Tarakimu mbili au tatu zinazofuata ni za kampuni ya simu: hapa kwetu Omantel ni 02, Ooredoo ni 03. Zilizobaki ndizo zako wewe mteja. Simu isiyofungwa ikipewa laini husoma namba hiyo, ikatafuta mnara unaolingana nayo, ikaendelea na kazi. Simu iliyofungwa inayo orodha yake ndani, kama bawabu wa mlangoni mwenye karatasi ya majina. Inaangalia mwanzo wa namba. Ukiwa ni wa kampuni iliyoiuza, inafungua mlango. Ukiwa ni 422, au 640, au wa kampuni nyingine ya huko huko Marekani, inasema hapana.

Watu wengi barazani walidhani kisa ni laini kuwa ya kulipa kabla. Hasha. Bawabu huyo hajui kama wewe unalipa kabla au unaletewa bili mwisho wa mwezi. Mtoto wako aliyeko Marekani mwenye simu iliyofungwa na kampuni fulani, akikatika mkataba, anaweza kununua laini ya kulipa kabla ya kampuni ile ile na kwa kawaida simu itaipokea. Tatizo hutokea anapohama kampuni, au anapopanda ndege. Liko pia jambo la kampuni ndogo zinazokodi minara ya kampuni kubwa. Sisi hapa tunazijua: Renna na FRiENDi zilipoanza mwaka 2009 hazikujenga minara, zilitumia ya Omantel. Marekani ziko nyingi za namna hiyo. Mtu hudhani kwamba maadam mnara ni ule ule, simu itakubali. Lakini simu haimuulizi mnara, inaiuliza laini, na laini inaweza kuwa na alama ya ziada inayotofautisha mteja wa kampuni kubwa na wa kampuni ndogo iliyo chini yake. Ikiwa kufuli limefungwa kwa kuangalia alama hiyo, hata ndugu wa nyumba moja hukataliwa.

Mbona wanafunga? Kwa sababu ya bei. Mjukuu wangu alinunua simu ile kwa dola 60, karibu rial 23. Simu ya aina ile ile isiyofungwa ilikuwa dola 180, yaani rial 69. Hiyo tofauti haikuanguka kutoka mbinguni. Kampuni iliilipa, ikitaraji kuirudisha kidogo kidogo kwa vocha zako za kila mwezi. Ukiichukua simu leo na kesho ukatia laini ya mwingine, kampuni imekula hasara. Hilo mimi kama mtu wa mahesabu nalielewa. Ninalolilaumu ni kwamba kwenye boksi maneno hayo yameandikwa kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu hazioni hata kwa miwani.

Na wapo waliofanya biashara kwenye tofauti hiyo: wananunua simu za kulipa kabla kwa wingi, wanazifungua, wanaziuza nje. Wazee wenzangu labda watakumbuka habari za Agosti 2006, pale vijana wa Kimarekani wenye asili ya Kiarabu walipokamatwa Ohio na Michigan kwa kukutwa na simu nyingi za namna hiyo walizonunua madukani. Walishukiwa ugaidi. Baadaye mashtaka ya ugaidi yakafutwa. Walikuwa wachuuzi tu wanaotafuta faida ya dola chache kwa kila simu. Jina la Kiarabu na gari lililojaa simu, miaka ile, vilitosha.

Sheria ya Marekani juu ya jambo hili imeyumba kama jahazi. Mwaka 2006 huo huo, Maktaba ya Bunge lao, ambayo ndiyo yenye kusimamia haki za maandishi na programu, iliruhusu mtu kufungua simu yake. Kisha ruhusa ikaondolewa kwa simu zilizonunuliwa baada ya Januari 26, 2013, ikawa mwenye kuifungua simu aliyoilipia bila ridhaa ya kampuni anavunja sheria. Watu zaidi ya 100,000 wakatia saini kulalamika, na Agosti 1, 2014 Rais Obama akatia saini sheria ya kuirudisha ruhusa. Lakini ruhusa ya kufungua si amri kwa kampuni kukuuzia simu iliyo wazi. Kampuni bado zinafunga, na kila moja ina masharti yake ya kufungua.

Nchi nyingine zimekwenda mbele. Canada, tangu Desemba 1, 2017, simu mpya lazima ziuzwe zikiwa wazi, na mwenye ya zamani afunguliwe bure. Uingereza walikataza kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021. Kwa hiyo mwenye mtoto Toronto au Portsmouth hana hofu kubwa, ila akiletewa simu iliyotumika ya miaka ya nyuma. Mwenye mtoto Marekani ndiye wa kuuliza maswali kabla simu haijapanda ndege. Simu nilizonunua mimi mwenyewe hapa madukani zote zilipokea laini yoyote, na ndiyo maana sikuwahi kulifikiria jambo hili.

Masharti yenyewe ndiyo yaliyonitia kitanzini. AT&T, kwa mfano, kwa simu ya mkataba hutaka iwe imelipwa yote na imetumika kwao siku 60; kwa simu ya kulipa kabla hutaka miezi sita ya huduma iliyolipiwa. T-Mobile kwa simu za kulipa kabla hutaka mwaka mzima. Masharti haya hubadilika, basi mtoto na asome ya siku ile anayonunua. Lakini angalia mantiki yake: simu ya mkataba iliyolipwa hufunguliwa mapema, na simu ya kulipa kabla, ile ya maskini, hukaa kifungoni muda mrefu zaidi. Na sharti ni kwamba simu iwe imetumika kwenye mtandao wao. Simu ya mjukuu wangu ilitumika miezi miwili tu, kisha ikaja kukaa kwenye droo yangu Ghubra. Ikikaa hapo miaka kumi, hesabu yake itabaki miezi miwili.

Mimi sikuyajua hayo. Jumapili mtoto wa ndugu yangu alinichukua mpaka Ruwi, kwenye vichochoro vya soko la simu, na tukaingia duka la kijana mmoja Mmalabari mwenye adabu sana. Akaniambia kwa Kiarabu chake cha sokoni, "Baba, hii Amerika. Rial nane, kesho iko sawa." Akabonyeza *#06# na simu ikatoa namba ya IMEI. Hiyo ni namba ya simu yenyewe, si ya laini: tarakimu 15, na ya mwisho ni ya kuhakiki zile 14 za mwanzo kwa hesabu maalumu, ili karani asiyekuwa makini akikosea moja igundulike. Nilifurahi kukiona kitu hicho. Tungekuwa nacho kwenye majalada yetu tungeepuka aibu nyingi. Kijana akaituma namba hiyo mahali fulani, na siku ya pili akapata namba ya kufungulia. Akaiingiza, simu ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa, na chini ikaandika idadi ya majaribio yaliyobaki. Hapo nikamwambia basi, acha. Simu nyingi zinazofunguliwa kwa namba zina idadi maalumu ya majaribio, na ukiimaliza hujifunga kabisa, asiweze kuifungua hata aliyeifunga kwa njia ya kawaida. Rial nane hazikurudi.

Nasema hili bila kuwatupia lawama mafundi wa Ruwi, maana wapo waaminifu na simu za miaka ile walikuwa wakizifungua kweli. Ila siku hizi kufuli nyingi haziko ndani ya simu peke yake. iPhone haina namba ya kuingiza kabisa: kampuni ya simu huiarifu Apple kwamba IMEI fulani iachiwe, na simu ikiunganishwa na intaneti inajikuta iko huru. Fundi wa kichochoroni hana mlango wa kuingilia hapo. Atakachokuuzia ni kichipu chembamba kama karatasi, kinachobandikwa juu ya laini ili kuidanganya simu kwamba laini ni ya Marekani. Hufanya kazi, mpaka siku simu itakapojisasisha yenyewe usiku, na asubuhi umerudi pale pale. Mzee mmoja wa Seeb ninayemjua kabandika vichipu vitatu mpaka sasa.

Yako pia makufuli mengine yanayochanganywa na hili. Neno la siri la kufungulia kioo ni jambo jingine. Akaunti ya Apple au Google ya mwenye simu wa zamani ni jambo jingine tena: simu inaweza kuwa huru kwa mitandao yote duniani lakini ikakuuliza neno la siri la mtu usiyemjua, na hapo uwezekano mkubwa ni kwamba imeibwa au imepotezwa. Na kuna simu ya mkopo ambayo haijamalizwa kulipwa. Kampuni haitaifungua hata ukiilia. Jamaa zetu wa Kenya wanaijua aina moja ya hii tangu 2020, pale Safaricom ilipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo: unachukua simu, unalipa kama shilingi 20 kwa siku, usipolipa simu inafungwa mpaka ulipe. Huko kinachofungwa ni simu yenyewe, hata kama laini ni halali.

Kama unanunua simu iliyotumika, au umeletewa, ijaribu kwanza kwa laini ya mtu mwingine yenye ukubwa unaofaa. Nasisitiza, ya mtu mwingine, si ile namba yako moja tu ambayo dunia nzima inakujua kwayo. Na usikate. Nenda ofisi ya kampuni yako ukabadilishiwe laini ndogo. Namba inabaki ile ile. Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, kisha ya kuhusu simu, utaona mstari wa kufuli la kampuni; ikiwa wazi itaandika "No SIM restrictions", na maneno hayo matatu ya Kiingereza yafaa mzee kuyajua kwa macho hata kama Kiingereza hakijui.

Kufunguliwa peke yake pia hakutoshi. Simu za Marekani za zamani zilitengenezwa kwa masafa ya 850 na 1900, na huku kwetu mitandao ya GSM ilikuwa ya 900 na 1800, kwa hiyo simu huru kabisa ilikuwa haisikii kitu, kama redio isiyo na stesheni. Nyingine za zamani za Verizon na Sprint hazikuwa na mahali pa laini kabisa. Simu za sasa husikia masafa mengi, lakini limezuka jipya: TRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilitangaza kwamba 3G itazimwa hatua kwa hatua kuanzia robo ya tatu ya mwaka 2024. Simu isiyojua kupitisha sauti kwenye 4G ya kampuni zetu huangukia kwenye 2G kila unapopigiwa, na sauti huwa ya kisimani. Na mwenye kuletewa iPhone mpya kutoka Marekani ajue kwamba kuanzia iPhone 14, ya mwaka 2022, zinazouzwa huko hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM, laini isiyoshikika, ambayo kampuni hukupa kwa alama ya kupiga picha. Hapa Omani zinapatikana, ila mzee anayesafiri kwenda Tabora au Pemba aulize kwanza kama atakayemuuzia laini kule anazo.

Kuhusu kupeleka simu nyumbani Afrika Mashariki, kumbukeni kwamba kule nako kuna bawabu, lakini anaangalia IMEI. Kenya walizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania usiku wa Juni 16, 2016. Wakati ule Tanzania watu waliambiwa watume IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 wajue kama simu yao ni halisi. Simu iliyofungwa na kampuni ya Marekani ni halisi, hilo halina shaka, lakini laini ya Tanzania itaikataa vile vile kama ya Omani.

Narudi kwenye simu yangu, maana haikukaa bure. Kufuli la kampuni linazuia laini tu. Kamera inafanya kazi, saa inafanya kazi, na intaneti ya nyumbani inaingia kwa waifai kama kwenye simu nyingine yoyote. Kwa kawaida hata namba ya dharura, hapa kwetu 9999, simu iliyofungwa huweza kuipiga. Kwa hiyo nilinunua simu ndogo ya vitufe kwa rial sita, nikaiwekea laini. Simu ya Marekani nikaiacha bila laini na kuiunganisha na waifai ya nyumba. WhatsApp inapotaka kukusajili hutuma ujumbe wenye tarakimu sita kwenye namba yako. Haijali ujumbe huo umefika kwenye simu gani. Ulifika kwenye ya vitufe, nikauandika kwenye ya Marekani, nikaingia. Ukiwa nje ya nyumba, simu yoyote ya kisasa yenye bando la kulipa kabla inaweza kuigawia intaneti hii iliyofungwa. Ndivyo nilivyopata picha za dada, na sauti yake iliyorekodiwa, dakika nne za kunisema kwa kukata laini kwa mkasi "kama mtoto mdogo".

Lakini kuipata laini yenyewe kulichukua siku tisa, na hili ndilo ningependa wasomaji walishike kuliko habari zote za tarakimu. Namba yangu, niliyoitumia tangu 2005, ilisajiliwa kwa jina la mwanangu, kwa kuwa siku ile ndiye aliyekwenda dukani na kitambulisho. Nilipokwenda ofisini kuomba laini mbadala, mhudumu aliniambia kwa upole kwamba lazima aje mwenye jina. Nilimwonyesha vocha nilizotia mimi, zile za kukwangua kwa sarafu ya baiza 25, ambazo nilikuwa nimeziweka kwenye bahasha kwa tabia ya ukarani. Hazikunifaa kitu. Na kusema kweli alikuwa sahihi. Mimi katika nafasi yake ningemjibu hivyo hivyo. Anayetia vocha si mwenye laini. Mwenye laini ni aliyeandikwa. Ikabidi ningoje mwanangu arudi.

Najua nyumba nyingi za Kiswahili hapa ambamo laini ya mama iko kwa jina la kijana aliyekwenda kusoma Malaysia, au la mume aliyefariki, au la msichana wa kazi aliyekwisha kurudi kwao. Laini ya kulipa kabla haina mkataba wa kukukumbusha. Inaishi kwa usajili na kwa vocha. Ukikaa muda mrefu bila kutia kitu hufa, na namba hupewa mtu mwingine. Kila kampuni ina muda wake, basi anayekwenda Unguja kukaa miezi mingi atie salio kabla hajaondoka na amwachie mtu kazi ya kutia. Siku hizi benki hutuma ujumbe kwenye namba hiyo, hospitali hutuma, serikali hutuma. Mimi nilibadilisha jina wiki ile ile mwanangu aliporudi. Tulikwenda pamoja na vitambulisho viwili, na kazi haikuchukua nusu saa.

Mjukuu alipokuja likizo ya kiangazi alikuta simu mezani, akaona aibu. "Babu, mimi niliangalia bei tu." Nikamwambia mimi pia niliangalia boksi tu. Tulikaa na kompyuta tukasoma masharti ya kampuni mstari kwa mstari, naye akapiga hesabu: imebaki miezi minne ya kutia vocha akiwa huko. Alipoondoka mwezi wa Agosti aliichukua, na sasa anaitumia yeye Ohio kwa laini ya kulipa kabla ya kampuni ile ile. Nimeandika kwenye daftari tarehe ya kila vocha anayotia. Hadi jana ni tatu. Ijumaa dada alipopiga aliuliza simu imefika wapi. Nikamwambia iko shule, inamalizia masomo, akasema basi ikifaulu niitie laini nzima, nisiikate.